Maswali yenu ya rimu na tairi: someni namba kwanza jamani

Maswali yamejaa tena na nusu yake yanafanana, kwa hiyo nimechukua machache, mengine nimeyajibu kwa mstari mmoja maana hayahitaji zaidi. Na ile ya kuandika "gari yangu inafaa rimu gani" bila kutaja gari, mwaka wala namba za tairi iliyopo, mtanisamehe, mimi sipigi ramli.

Habari mtaalamu. Nimeshanunua rimu za 18, kali sana, gari ilikuja na 15. Zitaingia?

Umeshanunua ndo unauliza. Haya.

Hiyo 18 ni namba moja tu, tena ndo rahisi kuliko zote. Ulitakiwa ujue pia idadi ya nati na PCD yake (kipenyo cha duara la nati, mfano 5x114.3 ni nati tano kwenye duara la milimita 114.3), upana wa rimu kwa inchi (zile 7J, 7.5J, 8J), ofuseti ambayo huandikwa ET (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka uso unaofungwa kwenye gari), ukubwa wa tundu la katikati, na kama mikono ya rimu inapita bila kugusa kaliper ya breki. Ukiacha hilo la mwisho, mengi ya hayo yamechorwa nyuma ya rimu yenyewe, unaigeuza tu unasoma. Kinachonishangaza ni kwamba mtu anaweza kukagua rangi ya rimu dakika ishirini, anaipiga picha kila upande, ila kuigeuza nyuma hapana.

Tuseme vyote vimekubali. Gari nyingi za saizi hiyo zinatoka na 195/65R15 (upana milimita 195, ubavu asilimia 65 ya upana, rimu ya inchi 15), na ukienda 18 tairi inayokaribiana nayo kwa urefu ni 225/40R18. Ile ya kwanza ubavu wake ni karibu milimita 127, hii ya pili ni 90. Yaani umetoa karibu sentimita nne za mpira kati ya rimu na barabara, na mpira huo ndo ulikuwa unameza mashimo kabla hayajafika kwenye rimu, shokapu na mgongo wako. Juu ya hapo 18 na tairi lake mara nyingi ni zito zaidi, gari itaondoka kivivu na breki zitafanya kazi zaidi. Ungeniuliza kabla ningekwambia 16, ukiwa mbishi sana 17.

Nimetoka 205/55R16 nikaweka 225/55R17, 55 nimeiacha ileile ili isibadilike. Mbona nikikata kona inachubua fenda?

Kwa sababu imebadilika. Hiyo 55 sio milimita, ni asilimia ya upana! Ukiongeza upana na ubavu unapanda. Piga hesabu na mimi hapa: asilimia 55 ya 205 ni kama 112.8, mara mbili (ubavu wa juu na wa chini) 225.5, ongeza rimu, inchi 16 mara 25.4 ni 406.4, jumla milimita 632. Sasa yako: asilimia 55 ya 225 ni 123.75, mara mbili 247.5, rimu ya 17 ni 431.8, jumla 679. Umeongeza milimita 47, zaidi ya asilimia 7. Nusu ya hizo imepanda kuelekea fenda ndo hiyo inachubua, na bado spidomita inakudanganya, dashibodi ikisoma 100 wewe uko kama 107, tochi ikikudaka usibishane na askari.

Ulitakiwa uweke 225/45R17. Hiyo inakuja 634, tofauti ya milimita mbili na gari haitajua. Mimi kikomo changu ni asilimia 3 juu au chini, zaidi ya hapo unatafuta kesi.

Upepo kiasi gani kwa tairi mpya?

Fungua mlango wa dereva, kuna stika kwenye nguzo. Hili swali nalijibu kila siku. Na ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi, sio unachotakiwa kujaza, mwambieni na kijana anayewajazia.

Gari yangu ni 5x114.3, nimepata rimu za 5x112 kwa bei ya kutupwa. Fundi anasema tofauti ni ndogo, nati zikikazwa zitavuta zenyewe.

Fundi huyo asikuguse gari.

Ni kweli zitavuta, na hapo ndo penye hatari. Tofauti ya milimita 2.3 kwenye duara maana yake kila bolti inakosana na tundu lake kwa zaidi ya milimita moja. Nati ya koni inatakiwa ikae kwenye tundu la rimu ikiwa imegusa pande zote kuzunguka. Ikiwa tundu halijalingana inagusa upande mmoja, na ukikaza kwa nguvu bolti inapinda kidogo ili kufuata. Unatoka gereji gari haina shida, unaendesha, kila mzunguko wa tairi bolti inapinda na kunyooka, inapinda na kunyooka, chuma kinachoka, nati zinaanza kulegea. Siku bolti ya kwanza inakatika huwezi kujua maana bado kuna nne, na hizo nne sasa zinabeba mzigo wa tano.

Halafu hata PCD ikilingana angalieni nati zenyewe. Rimu nyingi za kununua pembeni zinataka nati ya koni. Toyota nyingi zenye rimu zake za aloi zilitoka na nati bapa yenye washa, Honda rimu zake za kiwandani zinataka nati ya mviringo. Ukichukua nati bapa ukaifunga kwenye tundu la koni inagusa ukingo tu, inaonekana imekaza kumbe haijakaa. Na uzi pia: Toyota na Honda ndogo ni M12x1.5 (bolti ya milimita 12, nafasi kati ya uzi na uzi milimita 1.5), Nissan na Subaru nyingi ni M12x1.25, na mtu akilazimisha kwa mashine ya upepo nati inaingia huku inakula uzi. Nati unaianza kwa mkono, ikigoma kwenye mkono usiipeleke kwenye mashine. Mwisho kaza kwa spana ya kipimo, gari nyingi ndogo ni karibu Nm 100 ila angalia kitabu cha gari yako, kisha baada ya kilomita 50 mpaka 100 rudia kukagua. Wangapi mmewahi kurudia? Najua.

Naitrojeni ina faida?

Hewa ya kawaida tayari ni asilimia 78 naitrojeni. Nunua kipimo cha upepo, kitakusaidia zaidi.

Shikamoo mzee. Nimefunga rimu mpya kwenye Toyota yangu, PCD sawa, kila kitu sawa, ila kuanzia 90 usukani unatetemeka. Nimebalansi mara tatu, alaimenti nimefanya, bado.

Marahaba. Wewe angalau umeeleza vizuri.

Alaimenti haileti mtetemo wa namna hiyo, mara nyingi hiyo hela imeenda bure. Angalia tundu la katikati. Toyota nyingi ndogo habu yake (kile kitovu cha gari ambacho rimu inakaa) ni milimita 54.1, na rimu za kununua mara nyingi zinatengenezwa na tundu la 73.1 ili ziingie gari za kila aina. Kwa hiyo rimu yako haikai kwenye habu, inaning'inia kwenye nati tu, na wakikaza nati ya kwanza mpaka mwisho wakati tairi iko chini au inaning'inia vibaya, rimu inakaa pembeni ya katikati kidogo. Mashine ya balansi haiwezi kuliona hilo kwa sababu kule rimu imeshikwa katikati sawasawa.

Tafuta ringi za habu, nje 73.1 ndani 54.1, za plastiki au alumini, ni kitu cha bei ndogo. Pima rimu yako kwanza kwa vernia, usiniamini mimi kuhusu 73.1. Safisha kutu kwenye habu kwa brashi ya waya, vaa ringi, weka rimu, kaza nati kwa msalaba kidogo kidogo gari likiwa juu ya jeki, shusha, malizia. Ikiendelea kutetemeka hapo ndo uanze kushuku rimu imepinda au tairi lina uvimbe.

Nataka rimu zijae mpaka kwenye fenda kama zile za kwenye picha. Niweke spesa (kipande cha kusogeza rimu nje) au ninunue rimu zenye ET ndogo?

ET ndogo inatoa rimu nje, ET kubwa inaingiza ndani, hilo najua mnajua. Msichokumbuka ni kwamba upana nao unahesabika. Ukitoka 7J ET45 ukaenda 8J ET35, ile inchi moja inagawanyika nusu ndani nusu nje, milimita 12.7 kila upande, na ET imesogeza 10 kwenda nje. Kwa hiyo nje umetoka karibu milimita 23 na ndani umeingia karibu 3. Hizo 23 ndo zinakutana na fenda ukibeba abiria nyuma, na hizo 3 zinaweza kukutana na shokapu.

Kati ya hizo mbili chagua rimu sahihi. Spesa nyembamba isiyo na bolti zake inapunguza mizunguko ambayo nati inashika uzi, na watu wanaziweka bila kubadilisha bolti kuwa ndefu. Hata ukifanya kila kitu sawa, kutoa tairi nje kunaongeza mzigo kwenye bearingi na usukani unaanza kufuata kila mfereji barabarani. Wale wa kwenye picha gari imepakiwa, haina mtu ndani. Waulize wanavyoingia kwenye tuta na watu wanne.

Rimu imepasuka kidogo, ichomelewe?

Hapana.

Nina gari ya familia ya siti saba. Tairi za zamani zimeandikwa 91V, nimepata mpya saizi ileile ila 84T, muuzaji anasema hizo herufi ni za watu wa mashindano.

T ni spidi 190, V ni 240, na hata kama hutafika huko, viwango vilivyowekwa na waliotengeneza gari usivishushe. Ila kinachonitisha zaidi ni ile 84. Namba hiyo ni uzito: 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 84 ni kilo 500. Umepoteza kilo 115 kila kona, 460 kwa gari zima, kwenye gari ambayo unaijaza watoto, mabegi na bibi yao. Tairi likizidiwa uzito linapata joto kwa ndani, na joto hilo huwezi kuliona mpaka siku linapasuka ukiwa kwenye mwendo. Zirudishe kabla hazijafungwa, na huyo muuzaji mwambie namba hizo zimeandikwa kwa ajili yake pia.

Tairi za mtumba zina kashata (meno ya tairi) nene kabisa, DOT inaishia 0913. Nichukue?

Namba hizo za DOT ni tarehe ya kutengenezwa, yaani wiki ya 9 ya mwaka 2013. Unene wa kashata haukwambii kitu hapo, mpira unazeeka hata likiwa limening'inizwa stoo. Kunja ubavu wake kwa mkono uangalie, nyufa ndogo ndogo zitajitokeza zenyewe, na kwenye mvua mpira mkavu kama huo unateleza hata kashata ikiwa nzima. Acha. Rimu ya bei ghali na tairi la mtumba ndo mchanganyiko ninaouona kila siku na siuelewi, bora ubaki na rimu ya chuma na kapu lake la plastiki, hela yote uiweke kwenye tairi.

Subaru yangu ni AWD (inavuta tairi zote nne), nimepata pancha ya ubavuni kwa tairi moja, hizo nyingine zimeshaliwa nusu. Ninunue moja?

Kwenye AWD moja mpya na tatu zilizolika ni kutafuta gharama kubwa zaidi. Tairi jipya lina mzunguko mrefu kuliko hizo nyingine, kwa hiyo mfumo wa kugawa nguvu unahisi kama kuna tairi linateleza muda wote na unafanya kazi bila kupumzika mpaka unachemka. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzunguko isizidi robo inchi, na hiyo ni kidogo sana. Nunua nne, au tafuta moja ya aina ileile iliyolika sawa na hizo zako, na pima kwa futi ya kamba kuzunguka tairi kabla ya kulipa.

Na wale wa gari za kawaida mnaonunua mbili, zilizo mpya ziende nyuma, hata kama gari inavuta mbele. Nyuma ikiteleza kwenye maji huna cha kufanya na usukani.

Nimebadilisha rimu zote nne na nati zake. Spea ya zamani ya chuma niiache tu kwenye buti?

Iache, ila weka na nati za zamani nne au tano ndani ya mfuko pembeni yake. Nati mpya zinaweza zisikae kwenye rimu ya spea, na hilo watu wanaligundua usiku, mvua inanyesha, gari iko kwenye jeki.