Anza na bodi, chuo kitafuata

Kila matokeo ya Kidato cha Nne na cha Sita yakitoka, wadogo zangu wananipigia na swali lile lile: "Kaka, nisome kozi gani?" Nami huwauliza: unataka kufanya kazi gani, na nani anatoa kibali cha kuifanya? Wengi hukwama hapo. Wameshalinganisha vyuo, miji, hata hosteli, ila bodi ya taaluma inayotoa kibali hicho hawajaigusa.

Hapa Tanzania mhandisi anasajiliwa na ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi), mhasibu anayetaka CPA, yaani cheti cha juu cha uhasibu, anafanya mitihani ya NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu), daktari yuko chini ya Baraza la Madaktari. Shahada ya sheria peke yake haikufanyi wakili. Baada yake kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile wanayoiita Law School, nayo ina ada yake. Mzazi aliyeweka akiba ya shahada tu amejiandaa nusu.

Mimi nilipita njia ya ufundi. Baada ya Kidato cha Nne ningeweza kwenda A-level mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), nikachagua stashahada ya ujenzi. Nyumbani palichafuka, baba mdogo alisema nimekimbia shule. Lakini hebu tupige hesabu. A-level miaka miwili, shahada ya uhandisi minne: jumla sita. Stashahada mitatu, yaani ngazi ya 4 hadi ya 6 za NTA (mfumo wa ngazi za tuzo za ufundi), kisha shahada minne: saba. Umeongeza mwaka mmoja, na katikati umeshika cheti cha kukuajiri kama fundi sanifu, kundi ambalo ERB nayo inalisajili. Nilifanya kazi saiti kabla ya kurudi darasani. Profesa alipoanza kueleza kwa nini nondo za boriti hupangwa chini, mimi nilikuwa nimeshazifunga kwa mikono yangu. Baada ya shahada, wa A-level na wa stashahada wanakutana foleni moja: miaka mitatu hivi ya kujifunza kazini chini ya wahandisi waliosajiliwa, kabla ya kuitwa mhandisi mtaalamu.

Ila ukienda stashahada, linda GPA (wastani wa alama zako chuoni) kuliko unavyolinda simu. Vyuo vikuu kwa kawaida vinataka wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, na bado watafungua cheti chako cha Kidato cha Nne. Ninao wenzangu, mafundi hodari kweli kweli, waliokwama na 2.8.

Sisemi kila mtu aikimbie A-level. Kwa udaktari, PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) bado ndiyo njia fupi: miaka miwili ya A-level, mitano ya chuo, mmoja wa mazoezi hospitalini. Lakini kama nyumbani hawawezi kungoja miaka minane ndipo uanze kuleta chochote, stashahada ya utabibu ni miaka mitatu, na inapokea wa Kidato cha Nne waliofaulu Kemia, Biolojia na Fizikia. Hilo ni suala la mfuko wa familia, akili haihusiki.

Kabla ya kulipa hata ada ya maombi, tafuta chuo na kozi yenyewe kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET (baraza la vyuo vya ufundi) au TCU (Tume ya Vyuo Vikuu). Narudia, kozi yenyewe, kwa sababu chuo kinaweza kuwa halali huku kozi moja ikiwa bado haijaidhinishwa. Bumu, yaani mkopo wa mwanafunzi, nalo ni deni. Ukiajiriwa, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, kwa hiyo liingize kwenye hesabu mapema.

Na fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini ukiwa bado chuoni, usiifanye kama likizo. Wengi hukimbilia ofisi kubwa za Dar, wanaishia kutoa fotokopi. Mkandarasi wa wilayani mwenye kalvati mbili na jengo la darasa la kumalizia atakupa kazi siku ya kwanza. Peleka barua mapema, kabla nafasi hazijajaa, na uulize kabisa kama pale kuna mhandisi aliyesajiliwa wa kukusimamia na kukusainia logibuku, daftari la kazi unazofanya kila siku.