Sio kila ufa ni wa kufunga darasa

Ukiona ufa kwenye ukuta wa darasa, je, ulifunge? Hapana, ufa peke yake hautoshi kufunga darasa, inategemea unaelekea wapi na upana wake. Ule mwembamba kama unywele mara nyingi ni lipu tu ilikauka haraka, igonge kwa kidole, ukisikia mlio mtupu ujue imeachia ukuta, ikwangueni kabla haijamdondokea mtoto lakini jengo lenyewe liko poa. Wa kuogopa ni ule unaopanda mshazari kama ngazi kufuata viungo vya tofali, hasa ukianzia kwenye kona ya dirisha, hapo kuna uwezekano mkubwa msingi unatitia upande mmoja.

Mainjinia wengi wanapima uzito wa ufa kwa viwango vya BRE, taasisi ya utafiti wa majengo ya Uingereza, yaani upana mpaka milimita 5 kwa kawaida ni muonekano tu, 5 hadi 15 milango na madirisha yanaanza kukwama, zaidi ya 25 ukuta wenyewe unaweza kukosa uimara. Ila mimi kazini naangalia zaidi kama ufa unatembea, weka alama ya penseli pale unapoishia na uandike tarehe, pima upana kwa rula, halafu rudia kila mwezi, maana mdogo unaoongezeka ni mbaya kuliko mpana uliotulia miaka kumi.

Lakini kama ukuta umetoa tumbo au lenta (boriti ya juu ya mlango na dirisha) ndo imepasuka achana na rula, toeni watoto kwanza, injinia aje aone.