Ile sheria ya tairi kuukuu ni ya Ufaransa

Ndugu, kuna video inayosema muuza tairi lazima akupokelee tairi lako kuukuu bure; wa hapa Goma halazimishwi. Sharti hilo la kwenye video ni la Ufaransa, lilitoka kwa dekreti (amri ya serikali) ya Desemba 2002: ilimtaka muuzaji azipokee bure, na anayetengeneza au kuingiza tairi agharamie kuzikusanya, kwa kadiri ya alizouza mwaka uliotangulia. Sisi huku Kongo tunayo sheria ya mazingira namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011. Inadai taka zishughulikiwe bila kudhuru afya, lakini inasema taka kwa jumla. Nilipitia andiko lake la Kifaransa, maana kazi yangu ni kuziba tairi.

Kwetu tairi halitupwi ovyo hata hivyo. Linakatwa kwa kisu kilicholoweshwa maji, linakuwa kandambili, au ukanda wa kuvika gurudumu la chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma mizigo, lisiliwe na mawe ya volkano. Yenye nyuzi za chuma ndiyo inatushinda, inabaki uani. Tafadhali msiyachome, na msiyaache yakiteka maji ya mvua: mbu wa dengi anazalia humo.