Re: Wahopi wanapataje mahindi jangwani bila kumwagilia?

Mkuu, kwa Wahopi, wenyeji wa asili wa jimbo la Arizona huko Marekani, mvua ni kama milimita 250 tu kwa mwaka, kwa hiyo kila kitu kinategemea kina cha shimo la mbegu. Wanakwangua mchanga mkavu wa juu, kisha wanachimba kwa mti uliochongwa sentimita 15 hadi 40, mpaka wakute unyevu ulioachwa na theluji. Shimo moja linaingia punje 10 au zaidi, maana panya, kunguru na viwavi nao wana fungu lao. Mashimo yaachane hatua tatu hivi, la sivyo mimea inanyang'anyana maji. Mbegu ya dukani usiijaribu: chipukizi huishiwa nguvu kabla ya kuona jua. Chipukizi la mbegu ya Wahopi hurefuka sana chini kwa chini. Msimu unaofuata wanapanda katikati ya mabua ya zamani.