Mtoto anayekojoa kitandani baada ya vurugu mtaani

Pole sana dada. Umeeleza kwamba kijana wako wa miaka sita ameanza tena kukojoa kitandani tangu siku ya vurugu, bodaboda ikipiga ekzosi anajificha, na nyanya yake anataka umchape aache ujinga.

Usimchape. Najitolea na watoto huku mtaa wa Mathare, Nairobi, tangu vurugu za uchaguzi wa 2007, nikayaona hayo tena 2017 na baada ya maandamano ya Juni 2024. Watoto wadogo wakitishika hurudi nyuma: wanakojoa, wananyonya kidole, wanalia tumbo bila ugonjwa. Wengi hutulia baada ya wiki chache nyumba ikitulia. Godoro litandike nailoni, lianike alfajiri kabla ploti haijaamka, na usimtangaze kwa majirani.

Kumwambia "sahau" hakusaidii. Mpe ukweli mfupi: "Ule mlio ulikuwa wa vitoa machozi. Polisi walikuwa wakifukuza watu. Sasa wameondoka, na usiku huu nitalala hapa na wewe." Usimwahidi kwamba haitatokea tena. 2027 tunapiga kura, na akikukuta umedanganya hatakuamini tena. Akitaka kusimulia aliyoyaona, msikilize. Asipotaka, usimchokonoe.

Kitu kingine ambacho watu wazima wa ploti hukosea ni kutawanya watoto wakicheza polisi na waandamanaji. Waacheni, ndivyo wanavyotoa yaliyo moyoni. Cha kuangalia ni mchezo unavyoisha. Kuna msichana hapa kwetu alikuwa akifunika mwanasesere kwa beseni kila jioni, anakaa kando, haongei. Nyanya yake akaketi chini naye, akauliza, "Nani anakuja kumtoa?" Akasema hakuna. Nyanya akajifanya nesi, akagonga beseni, hodi hodi. Jioni iliyofuata mtoto mwenyewe ndiye aliyekuwa nesi.

Halafu simu. Zile video za WhatsApp mnazotazama usiku, anazisikia. Kwenye chumba kimoja pazia halizuii sauti, na mtoto aliyejifunika blanketi si lazima awe amelala. Hapa hata baba yake ahusike, maana umesema siku hizi anafoka ovyo. Huenda naye ana yake, mtafutie rafiki wa kuongea naye.

Mambo mengine yaende kama zamani: uji saa ile ile, shule, kuoga, kulala. Mwambie mwalimu wa darasa kilichotokea ili asimwadhibu akiduwaa.

Ikipita mwezi hali ni ile ile, au akakataa kula, akaacha kuongea, au akataja kufa (hapo usingoje hata siku moja), piga 116, ni laini ya watoto, haina malipo, usiku na mchana. Ukielekezwa hospitali ya Mathari pale Thika Road, nenda. Najua mtaani jina hilo ni matusi, lakini wataalamu wa afya ya akili wako pale, na hakuna atakayemfungia ndani kwa kuogopa mlio.