Kabla hujaunganisha ramani ya umaskini na ramani ya kura

Huwa napata ujumbe kutoka kwa wadogo zangu wanaosoma Uingereza: "Dada, nataka kuandika tasnifu kuhusu miji ya pwani na jinsi inavyopiga kura. Nianzie wapi?" Njia hiyo nimeipita. Nimezaliwa Tanga, na nilipofika Clacton-on-Sea, mji wa ufukweni mashariki mwa England, mara ya kwanza, nusu ya vibanda vya ufukweni vimefungwa, niliupenda mji ule na kuuonea uchungu kwa pamoja. Niliuhangaikia mwaka mzima. Miezi mingi ya mwaka huo ilipotea kwa kosa moja.

Nilichukua faharasa ya ufukara inayotolewa na serikali, yaani orodha inayopanga maeneo ya England kwa kiwango cha ufukara, nikachukua na matokeo ya kura ya maoni ya 2016, ile ya Uingereza kubaki au kujitoa Umoja wa Ulaya, nikachora. Jaywick, kitongoji kilicho jirani na Clacton, kilishika nafasi ya kwanza kwa ufukara England nzima mwaka 2010, kikashika tena 2015, na tena 2019. Halmashauri yake, Tendring, ilitaka kujitoa Umoja wa Ulaya kwa asilimia 69.5. Great Yarmouth, asilimia 71.5. Blackpool, ambayo mwaka 2019 ilikuwa na mitaa minane kati ya kumi iliyo fukara kuliko yote, asilimia 67.5. Nikaandika kwa furaha kwamba maskini wa pwani ndio waliochagua kujitoa.

Mwalimu aliyenisimamia aliisoma sura ile, akaniuliza: "Nani kakuambia hao maskini ndio waliopiga kura?"

Sikuwa na la kujibu. Faharasa ile hupima vieneo vidogo vyenye wakazi 1,500 hivi. Katika toleo la 2019 viko 32,844. Kura za 2016 zilihesabiwa kwa halmashauri. Sasa Tendring ina Jaywick, lakini ina pia Frinton-on-Sea, mji wa wastaafu wenye nyumba zao na bustani za kupendeza. Asilimia 69.5 ni ya wote hao. Uchaguzi wa wabunge ndio mgumu zaidi, kwa sababu matokeo hutangazwa kwa jimbo zima, na kura za masanduku mbalimbali huchanganywa kabla ya kuhesabiwa. Julai 2024 Nigel Farage, mwanasiasa aliyepigania Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya, alishinda jimbo la Clacton, hilo tunalijua. Jaywick ilimpa kura ngapi, karatasi hazisemi.

Halafu kuna wasiojitokeza. Uchaguzi mdogo wa jimbo la Blackpool South, Mei 2024, ulipigiwa kura na asilimia 32.5 tu ya walioandikishwa. Hapo hujawahesabu ambao hawakujiandikisha kabisa, na katika mji ambao watu huhama chumba hadi chumba, hao si wachache. Kwa hiyo umaskini wa eneo na kura za eneo vinaweza kupanda pamoja huku mpiga kura mwenyewe akiwa mzee aliyestaafu, mwenye nyumba yake, anayeishi mitaa miwili kutoka kwa fukara asiyepiga kura.

Ndiyo maana nakwambia uanze na mipaka. Amua mapema unazungumzia kata, halmashauri au jimbo, usiruke kutoka kimoja kwenda kingine. Ukitaka matokeo ya kata, tafuta uchaguzi wa madiwani. Kumbuka majimbo yalikatwa upya kabla ya uchaguzi wa 2024, na kwamba takwimu nyingi zilizomo katika faharasa ya 2019 ni za mwaka 2015/16. Faharasa yenyewe ni ya kupanga nafasi: mtaa unaweza kupanda katika orodha bila maisha ya watu wake kubadilika hata kidogo.

Tafuta pia miji inayoikatalia hoja yako. Liverpool ni ya bandari na fukara sana, lakini ilitaka kubaki kwa asilimia 58.2. Hastings, mji wa pwani ya kusini, ina shida nyingi, na mwaka 2024 jimbo lake lilikwenda kwa chama cha Labour, kama Blackpool South. Boston ya England, si ile ya Marekani, iliyoongoza nchi nzima kwa asilimia 75.6 za kujitoa, haimo kabisa katika kundi la Jaywick na Blackpool kwa ufukara. Umri na elimu vitakufafanulia mengi ambayo kipato peke yake hakiwezi.

Kisha nenda huko, na uende wakati wa baridi. Blackpool nilitembea mtaa baada ya mtaa wa nyumba za wageni za zamani zilizokatwakatwa kuwa vyumba vya kupangisha. Watalii walipoanza kukimbilia Hispania kwa ndege, wenye nyumba hizo walibaki na vyumba vitupu, wakapata wapangaji ambao kodi yao hulipwa na ruzuku ya serikali. Chumba rahisi kikamvuta mgonjwa na asiye na kazi kutoka miji mingine. Sehemu ya umaskini wa pwani, basi, imehamia pale, na hilo hulioni kwenye jedwali lolote la uchaguzi.

Jaywick wamechoshwa na kamera. Mwaka 2018 picha ya mtaa wao ilitumiwa katika tangazo la kampeni huko Marekani ili kutisha wapiga kura. Usipige picha za nyumba za watu. Omba ruhusa, kaa, kunywa chai, acha wakuulize wao kwanza.

Mimi niliulizwa na bibi mmoja: "Wewe ulimpigia nani?" Nikamjibu kuwa mimi mgeni, sina haki hiyo. Nilikosea. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anaruhusiwa kupiga kura, hata ya ubunge. Wewe wa Tanzania, Kenya, Uganda au Rwanda umo, na pasipoti yako inakubalika kituoni kama kitambulisho. Kujiandikisha hufanyika mtandaoni, na mwisho wake ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi.