Ishara kwenye Qt: uliza kwanza sloti itaendeshwa kwenye uzi gani

Anayeanza Qt, maktaba ya C++ ya kuundia programu zenye madirisha na vitufe, hufundishwa connect mapema sana, pengine mapema mno. Ndiyo fanksheni inayounganisha ishara, yaani habari inayotolewa na kitu, na sloti, yaani fanksheni inayoitwa kuijibu. Unaandika mstari mmoja, kitufe kinabonyezwa, dirisha linafunguka, roho inatulia. Kuanzia hapo mtu huamini kuwa ishara ni ujumbe unaokwenda zake huku aliyeutuma akiendelea na shughuli nyingine. Imani hiyo ndiyo mzizi wa hitilafu nyingi ninazoletewa na wageni wa kazi hii, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi kuliko penginepo.

Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng, Wanorwei walioianzisha Qt na kuitoa hadharani mwaka 1995, walitaka kitu kiweze kutoa habari bila kujua nani anaisikiliza. Lugha ya C++ haikuwa na njia hiyo, basi ikatengenezwa programu ndogo iitwayo moc, inayopitia klasi zako kabla ya kompaila na kuziandikia msimbo wa ziada. Ni kama mbiu ya mgambo: mpigaji hahitaji kujua nani yuko shambani na nani yuko sokoni. Ila mpigaji wetu huyu, katika hali ya kawaida, husimama na pembe yake mkononi mpaka kila aliyeisikia amalize alichoitiwa, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio uleule waliounganishwa.

Ishara ni fanksheni. Imeandikwa na moc, na kazi yake ni kuziita sloti. Hata emit ni makro tupu. Ukiifuta, programu itakwenda vilevile. Mtumaji na mpokeaji wakiwa kwenye uzi mmoja (thread, yaani mkondo mmoja wa utekelezaji ndani ya programu), huo ni mwito wa fanksheni kama mwingine wowote. Sloti ikianza kusoma faili kubwa, dirisha litaganda, na mtumiaji atabonyeza kitufe tena na tena kwa hasira.

Usipotaja aina ya muunganisho, Qt hutumia AutoConnection. Ishara inapotolewa, huangalia kama mpokeaji anaishi kwenye uzi huohuo. Akiwa humo, sloti inaitwa papo hapo. Akiwa kwingine, mwito hufungwa pamoja na nakala ya vigezo vyake na kuwekwa kwenye foleni ya uzi wa mpokeaji, ungoje zamu yake. Kinachoamua ni mahali kitu kinapoishi. Klasi yake imerithi nini si hoja hapa.

Hapo ndipo QThread, klasi ya Qt inayosimamia uzi, huwatelezesha wengi. Mtu anarithi QThread, anaongeza sloti ndani ya klasi hiyo, kisha anaamini sloti zake zitaendeshwa kwenye uzi mpya. Sivyo. Kitu cha QThread chenyewe kinaishi kwenye uzi uliokiunda, mara nyingi uzi mkuu. Ni fanksheni yake ya run peke yake inayoendeshwa kwenye uzi mpya. Matokeo yake, dirisha linaganda vilevile, na mwenye msimbo anaapa kuwa ametumia nyuzi.

Njia ninayomshauri mgeni aishike kwanza ni kuunda klasi ya mfanyakazi inayorithi QObject, klasi mama ya vitu vya Qt, bila kuipa mzazi (kitu kinachoimiliki), kisha kuipeleka kwenye uzi kwa moveToThread. Ikiwa na mzazi haitahamishika. Baada ya hapo mpe mfanyakazi kazi kwa ishara. Ukiandika mfanyakazi->soma() moja kwa moja kutoka kwenye dirisha, fanksheni hiyo itaendeshwa kwenye uzi wako wewe uliyeiita, na safari yote ya kuhamisha itakuwa bure.

Lambda, yaani fanksheni zisizo na jina zinazoandikwa papo hapo, nazo zina mtego wake. Ukiunganisha ishara ya mfanyakazi na lambda bila kutaja kitu cha muktadha, lambda itaendeshwa kwenye uzi unaotoa ishara. Ndani yake umeandika lebo->setText, na vitu vya dirisha haviguswi ila kwenye uzi mkuu. Leo itafanya kazi, kesho itaanguka mbele ya mteja. Weka this kabla ya lambda: itapelekwa kwenye uzi wa kitu hicho, na kitu kikifutwa muunganisho nao utakatika. Kwangu hilo si suala la ladha. Lambda inayogusa kitu bila muktadha nairudisha kwa mwenyewe kila ninapokagua msimbo.

Ukiwa na shaka, usibishane na mtu. Chapisha QThread::currentThread() ndani ya sloti na mahali ishara inapotolewa, ulinganishe.

Mengine ni mepesi zaidi. Sloti ikiitwa mara tatu kwa mbonyezo mmoja, tafuta connect iliyowekwa ndani ya fanksheni inayoitwa tena na tena. UniqueConnection, aina ya muunganisho inayokataa kurudiwa, husaidia, lakini haifanyi kazi kwa lambda. Kwenye QLineEdit, kisanduku cha kuandikia, ishara ya textEdited hutolewa mtumiaji anapoandika, ilhali textChanged hutolewa hata msimbo wako unapobadilisha maandishi. Ukizichanganya, visanduku viwili vinaweza kuitana bila mwisho. Na achana na makro za SIGNAL na SLOT za zamani. Tangu Qt 5, iliyotoka Desemba 2012, unaweza kutaja fanksheni yenyewe, na kompaila itakataa jina lililokosewa. Kwa njia ya zamani unapata onyo tu programu ikiwa tayari inaendeshwa.

Jambo moja la ubunifu, na hapa wenzangu wengine hatukubaliani: usitumie ishara kila mahali. Dirisha linamiliki kisanduku chake na linakijua. Acha liite fanksheni zake moja kwa moja. Ishara ziache zipande kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi. Zipe majina ya kilichotokea, kama failiLimesomwa. Jina kama onyeshaUjumbe ni amri, na anayetoa amri tayari anajua nani wa kuitii. Nimesoma miradi ambayo ishara moja inatoa nyingine, na hiyo nyingine ya tatu, hata kujua nani aliyefuta rekodi kunahitaji siku nzima na kalamu.

Halafu siku linka, inayounganisha vipande vilivyokwisha kupita kwa kompaila, itakapolalamika kuhusu vtable (jedwali la fanksheni pepe za klasi) isiyopatikana, angalia kwanza kama moc imeipitia klasi yenye Q_OBJECT, makro inayoandikwa mwanzoni ndani ya klasi. Ikiwa umeiongeza sasa hivi tu, endesha upya qmake au CMake, zana za kujengea programu, ili moc ipitie faili hilo.